Kobalti ya Kolwezi na sumaku ya neodimi: uchambuzi wa kisa

Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kikongo, waliotoka Angola na kupitia Zambia waliuteka mji wa Kolwezi, katika jimbo la Zaire ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Jina hilo ni Kiswahili kitupu: Mobutu alilifuta jina la Katanga na kuliita jimbo kwa madini yaliyomo ardhini mwake. Baada ya siku chache Waafrika kwa mamia na Wazungu zaidi ya mia walikuwa wameuawa. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walitua, na waasi wakarudi walikotoka. Mafundi wengi wa kigeni wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walifungasha wakaenda zao.

Pamoja na shaba, Kolwezi ilitoa kobalti, na Zaire ilikuwa ikilisha karibu nusu ya soko la dunia la metali hiyo. Reli ya Benguela, njia fupi ya kuifikia Atlantiki, ilikuwa imefungwa tangu 1975 kwa sababu ya vita vya Angola. Mwaka mmoja tu kabla, 1977, jimbo lilikuwa limeonja vita vingine, vile vya siku themanini. Kwa hiyo habari za Mei 1978 zilipofika, wanunuzi hawakungoja kuhesabu tani. Bei rasmi ya wazalishaji ilipanda kutoka chini ya dola 7 kwa ratili hadi dola 25 mwanzoni mwa 1979, na aliyeitaka kwa haraka sokoni alilipa zaidi ya dola 40. Migodi yenyewe ilirudi kazini mapema kuliko hofu ilivyotulia. Kilichopandisha bei ni watu kujaza maghala wakiogopa kesho.

Kisa hiki husimuliwa kwa mkato: vita vikapandisha bei ya kobalti, wanasayansi wakatafuta mbadala, wakapata neodimi, chuma na boroni, na sumaku yenye nguvu kuliko zote ikazaliwa. Mkato huo una ukweli ndani yake, lakini unaruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini chenyewe. Wazo la sumaku hiyo lilikuwapo miezi minne kabla ya risasi ya kwanza kulia Kolwezi. Vita havikulileta wazo. Vililetea wazo watu wa kulisikiliza. Nafundisha fizikia Tanga, na nimekuwa nikikirudia kisa hiki darasani kwa miaka kadhaa, kwa sababu ndani yake kuna vita, kuna bei na kuna kampaundi moja ya metali ambayo kila mwanafunzi wangu anayo mfukoni, ndani ya simu.

Tuanze na sumaku iliyokuwapo kabla.

Mwaka 1966, Karl Strnat na mwenzake Hoffer, wakifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, walionyesha kwamba kampaundi ya itri na kobalti, atomu moja ya itri kwa tano za kobalti, ina ukaidi wa ajabu: usumaku wake hung'ang'ania mhimili mmoja wa fuwele na haukubali kugeuzwa. Muda si mrefu samari ikachukua nafasi ya itri, na dunia ikapata sumaku ya samari na kobalti. Hizi si aloi za kuchanganya kwa kadiri upendavyo, kama shaba na bati. Ni kampaundi kamili, yenye hesabu yake ya atomu na kila atomu mahali pake, ila zote ni metali kwa metali.

Katika kampaundi kama hii kazi imegawanywa. Kobalti, au chuma, hutoa nguvu: elektroni zake ndizo hasa zinazobeba usumaku na kuufanya ustahimili joto. Metali adimu, yaani lile kundi lenye itri, samari na neodimi, ndiyo nanga. Wingu la elektroni zake za ndani halikuviringana kama chungwa. Limebonyea au limerefuka, na umeme wa atomu jirani hulilazimisha likae upande mmoja tu wa fuwele. Usumaku wa metali adimu umefungwa na wingu hilo, na wa kobalti umefungwa na wa metali adimu. Ukitaka kugeuza kimoja, lazima uving'oe vyote.

Chuma safi kina nguvu nyingi ila hakina nanga. Ndiyo maana msumari ulioshikishwa sumaku husahau kesho yake.

Sumaku ya samari na kobalti ilikuwa na vyote viwili. Shida ilikuwa gharama. Katika kampaundi ya moja kwa tano, theluthi mbili ya uzito ni kobalti. Na samari nayo ni chache hata miongoni mwa metali adimu: ukichenjua madini ya bastnasiti, neodimi unayoipata ni nyingi mara kadhaa kuliko samari. Kwa hiyo kila mtu katika taaluma hii alijua swali la kuuliza. Chuma ni rahisi, kimejaa kila mahali, na kila atomu yake hubeba usumaku mwingi kuliko ya kobalti. Neodimi ni nyingi kuliko samari. Mbona tusiviunganishe hivyo viwili?

Walijaribu, na vilikataa. Chuma hakiundi na metali adimu ile kampaundi nzuri ya moja kwa tano. Kinachopatikana ni kampaundi ya mbili kwa kumi na saba, na hiyo ina dosari mbili nzito. Ya kwanza ni joto la Curie, yaani kiwango cha joto ambacho kikivukwa usumaku wote hutoweka. Kwa neodimi mbili na chuma kumi na saba, kiwango hicho ni kama nyuzi 57 za Selsiasi. Gari lililofungwa vioo juani Dodoma hukaribia hapo. Dosari ya pili ni kwamba nanga imelala: usumaku unapendelea bapa zima badala ya mhimili mmoja, na ndani ya bapa hilo unazunguka bila kizuizi cha maana. Kwa sumaku ya kudumu hiyo ni hukumu ya kifo.

Januari 1978, kwenye mkutano jijini Tokyo, mtaalamu aitwaye Masaaki Hamano alieleza sababu ya dosari ile ya kwanza. Ndani ya kampaundi hiyo kuna jozi za atomu za chuma zilizobanana mno, na atomu za chuma zikisogeleana kupita kiasi huelekea kupingana badala ya kukubaliana. Kati ya wasikilizaji alikuwapo Masato Sagawa, mhandisi wa Fujitsu ambaye kazi yake ilikuwa kuboresha sumaku za samari na kobalti. Akiwa amekaa pale akajiuliza: kama atomu za chuma zimebanana, kwa nini tusipenyeze atomu ndogo katikati yao, kaboni au boroni, ili fuwele itanuke na chuma kipumue?

Wazo hilo halikuwa sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na Fujitsu haikuwa kampuni ya kuuza sumaku. Sagawa aliendelea nalo kwa miaka minne, akichukua muda pale alipoupata. Mwaka 1982 aliacha kazi akahamia Sumitomo Special Metals, watengenezaji wa sumaku wenyewe. Hapa ndipo ninapoiona kazi ya Kolwezi. Kampuni iliyoishi kwa kuuza sumaku zenye kobalti ndani yake ilikuwa imeshaungua kwa bei ya 1979. Mtu akibisha hodi na kusema anaweza kutengeneza sumaku bila kobalti, humwachi mlangoni. Aliingia mwanzoni mwa mwaka, na Agosti ya mwaka huohuo ombi la hataza lilikuwa tayari limewasilishwa.

Ng'ambo ya pili ya bahari, John Croat alikuwa akishughulikia swali lilelile kwenye maabara za General Motors, Michigan. Kampuni ya magari hutazama mambo kwa jicho la mamilioni: kila gari lina mota za umeme kadhaa, kuanzia ile ya kuwashia injini, na akiba ya senti kwenye kila mota ni fedha nyingi. Croat alifuata njia nyingine kabisa. Aliyeyusha neodimi, chuma na boroni, kisha akamimina uji huo wa metali juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa. Uji ukigusa gurudumu huganda papo hapo na kuruka kama utepe mwembamba, na punje za fuwele ndani yake hubaki ndogo sana kwa kukosa muda wa kukua. Punje ndogo namna hiyo hushika usumaku vizuri. Katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, Norman Koon naye alikuwa amekaribia lango hilohilo kwa kutumia boroni nyingi zaidi, pamoja na lanthani na terbi.

Novemba 1983, Pittsburgh, Sagawa na Croat walitangaza matokeo yao kwenye mkutano mmoja. Sumaku ya Sagawa ilifikia zao la nishati, yaani kipimo cha nguvu ya sumaku, la kilojuli 290 kwa mita ya ujazo. Ili msomaji alipime: sumaku nyeusi za ferraiti, zile za nyuma ya spika za redio, huishia thelathini na kitu.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nadharia ya Sagawa haikuwa sahihi.

Boroni haikupenya kwenye ile kampaundi ya mbili kwa kumi na saba na kuitanua. Ilijenga nyumba mpya kabisa, ambayo hakuna aliyekuwa ameichora mapema: neodimi mbili, chuma kumi na nne, boroni moja. Muundo wake ulisomwa na watafiti wa General Motors, Herbst na wenzake, kwa miali ya nyutroni, na kuchapishwa 1984. Kila chumba cha fuwele ni kama sanduku lenye kitako cha mraba, upande nanometa 0.88, na kimo nanometa 1.22. Ndani ya sanduku hilo dogo zimo atomu 68. Atomu za chuma zimepangwa matabaka kwa matabaka, na kila boroni imekaa katikati ya atomu sita za chuma, ikiyashikanisha matabaka ya juu na chini. Katika mpangilio huo chuma kina nafasi, na wingu la neodimi husimama wima kufuata kimo cha sanduku. Dosari zote mbili zimeponywa kwa mpigo mmoja. Kwa uzito, boroni iliyofanya hayo yote ni asilimia 1 tu. Chuma ni 72 na neodimi karibu 27.

Wazo lenyewe la kutanua fuwele halikufia hapo. Mwaka 1990, Michael Coey na Hong Sun, wakiwa Dublin, walipitisha gesi ya amonia, ambayo ndani yake mna naitrojeni, juu ya poda ya samari na chuma ya mbili kwa kumi na saba. Naitrojeni ikapenya katikati ya atomu vilevile kama Sagawa alivyoota, fuwele ikavimba, na joto la Curie likaruka kutoka takriban nyuzi 116 hadi zaidi ya 470. Ila kampaundi hiyo huvunjika ikichomwa zaidi ya nyuzi 600 hivi, kwa hiyo poda yake haiwezi kuokwa ikawa kipande kigumu. Hufungwa kwa plastiki. Laiti ingewezekana kuioka, pengine hadithi ya soko la leo ingekuwa nyingine.

Turudi kwa neodimi, maana hapa ndipo penye nguvu na udhaifu wa kutazamwa kwa makini.

Nguvu yake ya juu kabisa kinadharia ni kilojuli 512 kwa mita ya ujazo, na viwanda leo huuza sumaku zinazopita 400. Ni mara chache teknolojia hukaribia ukomo wa maumbile namna hiyo. Kwa upande wa ukaidi mambo ni tofauti. Fuwele kamili ingehitaji uga wa sumaku wa kama tesla 7 kutoka nje ili ipinduliwe, ila sumaku halisi husalimu amri kwenye robo au tano moja tu ya hiyo. Sababu ni kwamba sumaku halisi ni mabilioni ya punje zilizobanana, na kupinduka huanzia kwenye kasoro ya uso wa punje moja kisha kukatambaa kwa jirani. Dawa ni kuzitenga punje. Kwa hiyo mtengenezaji huweka neodimi kidogo zaidi ya ile inayohitajika na kampaundi, hadi asilimia 30 na ushei, ili ziada hiyo iyeyuke wakati wa kuoka na kujipaka kati ya punje, utando wa nanometa chache, kama udongo kati ya mawe ya ukuta wa nyumba zetu za zamani za pwani. Bila udongo huo, ukuta wote ungeanguka kwa jiwe moja.

Na ni udongo huohuo unaooza kwanza.

Nina tabia ya kukusanya kompyuta za mezani zilizokufa. Ndani ya diski yake, ukifungua kwa bisibisi ndogo yenye kichwa cha nyota, kuna sumaku mbili zenye umbo la mwezi mchanga, kila moja imegandishwa kwenye bamba la chuma. Ukizibandua zikiwa nzima, zinang'aa kama fedha kwa sababu ya gamba la nikeli. Usiziachie zikutane vidoleni: mwanafunzi wangu mmoja alibanwa ngozi ya kidole gumba, damu ikavilia pale pale. Muhula mmoja tulichukua moja ya sumaku hizo tukaihesabia misumari ya inchi moja. Ikaning'iniza msururu wa misumari saba. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa robo saa, tukaiacha ipoe, tukapima tena: minne. Haikurudi kwenye saba hata siku iliyofuata. Kisha tukaiweka juu ya jiko la mkaa, nje, sote tukiwa upande wa upepo unakotoka, na baada ya kupoa haikuinua hata msumari mmoja. Sura yake ilibaki ileile, isipokuwa gamba lilififia. Msichana mmoja aliishika akaniuliza, "Sasa mwalimu, kilichotoka ndani ni nini?" Nilimjibu kwamba hakikutoka kitu: atomu zote zipo, na zimekaa mahali pake. Kilichopotea ni makubaliano yao.

Joto la Curie la kampaundi hii ni kama nyuzi 312 za Selsiasi, dogo ukilinganisha na zaidi ya 700 za samari na kobalti. Ila madhara huanza mbali kabla ya hapo. Kila nyuzi moja ya joto huondoa kama asilimia 0.6 ya ukaidi, na daraja la kawaida la sumaku hizi halipendekezwi kupita nyuzi 80. Mota ya gari la umeme ikipanda mlima hupita nyuzi 150 bila shida.

Sumaku ya pili tuliipasua kwa nyundo, imefungwa kwenye kitambaa. Ilivunjika kama kigae, maana kampaundi za metali kwa metali haziviringiki wala hazipindi kama chuma cha kawaida. Vipande tuliviweka dirishani, upande wa bahari. Baada ya wiki kadhaa kingo zake zilikuwa zimefura, rangi imekuwa kijivu cha majivu, na ukizigusa zinatoka vumbi. Unyevu ulikuwa umekula ule udongo wa neodimi kati ya punje, na punje zenyewe, ambazo hazikuwa na ubaya wowote, zikadondoka moja moja. Ndiyo maana gamba la nikeli halina mjadala. (Vumbi hilo tulilifunika haraka. Poda ya metali hizi ikiwa laini hushika moto wenyewe hewani.)

Dawa ya joto ilipatikana mapema: badilisha sehemu ya neodimi kwa disprosi, metali adimu nyingine. Nanga ya disprosi ni nzito zaidi, na sumaku yenye asilimia kadhaa ya disprosi hustahimili mota ya gari. Lakini usumaku wa disprosi huelekea kinyume na wa chuma, tofauti na neodimi inayoelekea pamoja nacho. Kila chembe unayoongeza inakupa ukaidi na inakunyang'anya nguvu. Miaka ya 2000 Wajapani walipata ujanja wa kupaka disprosi juu ya sumaku iliyokwisha okwa na kuipasha moto, ili ipenye kupitia mipaka ya punje tu na kukaa pale pale kupinduka kunakoanzia. Kiasi kinachohitajika kikapungua sana. Mimi naiona hiyo kama kazi bora kuliko zote zilizofuata baada ya 1983, ingawa haina mtu mmoja maarufu wa kuhusishwa nayo.

Disprosi inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa sana, kutoka udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa China na wa mpakani Myanmar. Na hapa kisa kinajirudia. Dunia iliikimbia kobalti kwa sababu ilitoka mahali pamoja. Ikakimbilia kwenye kampaundi ambayo baada ya miaka thelathini nayo inatengenezwa, kwa takriban asilimia 90, mahali pamoja. Hata ile njia ya Croat ilihama: General Motors ilianzisha kampuni ya Magnequench huko Indiana mwaka 1986, ikaiuza 1995 kwa kundi lililokuwa na kampuni za China ndani yake, na miaka michache baadaye mitambo ya Indiana ilifungwa, kazi ikahamia Tianjin. Mwaka 2010, baada ya mzozo wa mashua ya uvuvi kwenye visiwa vya Senkaku, vinavyogombewa na China na Japani, shehena za metali adimu kutoka China kwenda Japani zilikwama, na mwaka uliofuata bei ya disprosi ikapanda mara nyingi. Wanunuzi walifanya vilevile kama 1979: walijaza maghala.

Matumizi sitayaorodhesha yote. Kilichobadilika ni udogo: kazi iliyohitaji sumaku ya kilo ikafanywa na ya gramu. Diski za kompyuta ndizo zilizoitumia kwanza kwa wingi, kisha spika za masikioni, kisha mota za magari ya umeme zenye sumaku ya kilo moja au mbili, na mitambo ya upepo isiyo na gia, ambayo kila megawati yake hudai mamia ya kilo. Pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi, Kigali na Dar es Salaam nazo zina sumaku hizi ndani ya mota zake.

Tumizi linalonivutia zaidi ni la kuzirudisha. Gesi ya haidrojeni huingia kwenye ule udongo kati ya punje kwa pupa, huufurisha, na sumaku ngumu huporomoka kuwa poda. Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya Rex Harris, kilianza kuitumia tabia hiyo miaka ya 1980 kama hatua ya kutengenezea sumaku mpya, na siku hizi watafiti wa hapohapo wanaitumia kuzing'oa sumaku ndani ya diski mbovu bila kufungua hata skrubu moja. Poda inapepetwa, inapangwa upya ndani ya uga, inabanwa na kuokwa. Udhaifu uleule ulioharibu vipande vyangu dirishani ndio unaofungua mlango huo. Nchi zetu zina marundo ya kompyuta zilizokufa, na ningependa kuona maabara ya chuo kimoja cha Afrika Mashariki ikilifanyia kazi hili kwa bidii, kwa sababu halihitaji mgodi.

Mgodi nao upo. Ngualla, mkoani Songwe, ni mwamba wa kabonatiti wenye bastnasiti iliyojaa neodimi na ndugu yake praseodimi, ambaye huingia kwenye kampaundi hiyohiyo bila kuiharibu. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Burundi ilianza kutoa mkusanyiko wa madini hayo Gakara mwaka 2017, kisha 2021 serikali ikasimamisha kazi ikidai mapato hayakuwa ya haki. Kati ya jiwe la bastnasiti na ule mwezi mchanga wa ndani ya diski kuna hatua sita: kukusanya madini, kuyatenganisha kikemia, metali moja baada ya nyingine, kuyageuza metali, kuyeyusha aloi, kusaga poda ya mikromita tatu hadi tano, na kuipanga, kuibana na kuioka kwenye zaidi ya nyuzi elfu moja. Hatua ya kwanza ndiyo tunayoijadili bungeni na magazetini. Thamani kubwa iko kwenye nne za mwisho, na hizo zinadai watu waliosoma fuwele, siyo mashimo tu. Na neodimi ya Ngualla ni ya kundi jepesi. Disprosi humo ni kidogo sana, kwa hiyo hata kiwanda kamili cha sumaku pale bado kingeagiza nanga nzito kutoka kwa wengine.

Sumaku ya samari na kobalti haikufa. Pale penye joto kali, kwenye injini za ndege na vyombo vya angani, neodimi haifai, na wahandisi hurudi kwa ile ya zamani. Februari 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, safari hii kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka mno. Wiki sita baadaye, tarehe 4 Aprili, China ilitangaza udhibiti wa kuuza nje metali adimu saba, disprosi ikiwemo, na samari ikiwemo. Kolwezi, ambayo leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, bado inachimba.